Mpunga usiongoja kisu: maswali ya wasomaji kuhusu mpunga mwitu

Tangu kumalizika kwa mavuno yaliyopita, barua zinazouliza juu ya mpunga mwitu zimenifikia kwa wingi kuliko za jambo jingine lolote, na baadhi yake zimeletwa kwa mkono pamoja na mashuke yaliyofungwa kwenye gazeti. Kwa hiyo nimeona safu nzima ya toleo hili iwe ya mmea huo na magugu mengine yanayojifanya nafaka. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na majina ya waandishi sikuyataja.

Swali kutoka Cheju, Unguja

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watano, nalima makonde mawili katika bonde la Cheju. Kila mwaka mpunga usio wangu unazidi. Unaota pamoja na wangu, unafanana nao, unatoa shuke mapema, kisha punje zake zinapukutika kabla sijatia kisu. Napalilia mara mbili kila msimu pamoja na wanangu, lakini mwaka huu nimepata polo tatu pale nilipokuwa nikipata saba. Jirani yangu ananiambia kuwa ardhi ikichoka, mpunga hugeuka mwitu. Je, ni kweli, na nifanye nini?

Jibu

Wa alaykumu salaam, mama. Niruhusu nianze na maneno ya jirani yako, kwa sababu ndani yake mna kosa kubwa na ukweli mdogo, na huo ukweli mdogo utatufaa mbele. Ardhi haina uwezo wa kuugeuza mpunga, hata ikichoka vipi. Mpunga tunaoupanda, ambao jina lake la kitaalamu ni *Oryza sativa*, asili yake ni Asia, na uliletwa pwani hii na wasafiri wa bahari. Mpunga mwitu unaokusumbua ni mmea wa Afrika, uliozoea kuota kwenye vinamasi na kando ya mito kabla ya watu kulima mpunga katika mabonde yetu. Ni jamaa wa ukoo mmoja, lakini mmoja hakuzaliwa na mwenziwe.

Katika mabonde ya Unguja na Pemba ziko aina mbili ambazo mkulima anapaswa kuzijua kwa kuzitenganisha, kwa sababu dawa ya moja si dawa ya nyingine. Ya kwanza ni *Oryza longistaminata*, ambayo ni ya kudumu: haifi mwisho wa msimu, bali hubaki ardhini na kuchipua tena. Ya pili ni *Oryza punctata*, ambayo ni ya msimu mmoja na hutegemea mbegu zake tu. Wakulima wengi huziita zote mpunga mwitu, na si kosa lao, kwani juu ya ardhi zinafanana sana.

Ukitaka kujua uliyonayo, usiung'oe mche kwa mkono, kwa sababu utakatika na kukuficha kile unachokitafuta. Chukua jembe, chimba pamoja na bonge la udongo, kisha lioshe taratibu kwenye ndoo ya maji. Mpunga wako utakuonesha kishungi cha mizizi myembamba tu. Mpunga mwitu wa kudumu utatoka na kitu cha ziada: shina linalotambaa chini ya udongo, jeupe la kuelekea umanjano, nene kuliko mzizi wowote, lenye pingili kama za muwa mchanga, na kwenye kila kifundo pana jicho. Lile jicho ndilo linalokutaabisha. Ukilikata shina hilo kwa jembe vipande vitano, kila chenye kifundo, umejipandia miche mitano.

Ikiwa shina la chini halipo, lakini punje ni ndogo kuliko za mpunga wako na kila moja ina udevu mrefu, mwembamba, unaopindika, basi yamkini unayo ile ya msimu. Dalili nyingine utaiona kabla ya shuke, ukilishika jani na kulivuta kidogo kutoka kwenye shina. Pale ala inapokutana na bapa la jani, pana kingozi chembamba kilichosimama kama ulimi. Cha mpunga wako ni kirefu na mara nyingi kimepasuka ncha mbili. Cha *Oryza punctata* ni kifupi, hakizidi sentimita moja. Kwa mtu aliyezoea kushika mpunga, macho mazuri na asubuhi yenye mwanga yanatosha kuiona tofauti hiyo.

Sasa nirudi kwenye kupukutika. Tofauti kubwa kati ya mpunga wa konde na mpunga wa mwituni ni ile tabia ya punje kushikilia shuke. Mmea wa mwituni ukizishikilia punje zake hauzaliani, kwa hiyo huziachia moja moja kadiri zinavyokomaa, kuanzia ncha ya shuke kushuka chini, kwa muda wa wiki kadhaa. Watu wa kale walipoanza kuvuna na kupanda, kila walichokifikisha nyumbani kilikuwa ni kile kisichoanguka njiani, na mbegu ya mwaka uliofuata ilitoka humo. Kwa karne nyingi mkono wa mvunaji uliuchagua mpunga unaongoja. Ule usiongoja ulibaki ardhini, na uko ardhini mpaka leo.

Ndiyo maana mashuke ya mpunga mwitu ukiyapangusa kwa kiganja siku chache kabla ya kuvuna, punje zinakumiminikia mkononi bila kuvutwa, na shuke linabaki na mikono mitupu. Siku hiyo umeshachelewa. Punje zilizoanguka hazioti zote mwaka unaofuata. Baadhi hulala ndani ya udongo msimu mmoja, nyingine zaidi, kwa hiyo konde lililoachwa limwage mara moja hulipa deni hilo kwa miaka.

Ule ukweli mdogo wa jirani yako ni huu: mpunga mwitu na mpunga wa konde huweza kuchanganya uzazi pale maua yao yanapofunguka siku moja na upepo ukabeba chavua. Watoto wa mchanganyiko huo wana sura ya mpunga wako na tabia ya jamaa zao wa mwituni, yaani hupukutika, na mara nyingi mchele wake huwa mwekundu. Mtu anayeweka mbegu kutoka konde lake mwenyewe kila mwaka bila kuchagua, ataona baada ya misimu kadhaa kwamba mpunga wake "umeharibika". Ardhi haikufanya chochote. Ni mbegu iliyochanganyika.

Umesema unapalilia mara mbili, na najua kazi hiyo ilivyo, maana nimekulia kwenye bonde la Pemba, na mgongo wa mama yangu niliuona umeinama zaidi kuliko nilivyouona umenyooka. Siwezi kukwambia kwamba hufanyi kazi ya kutosha. Ninalosema ni kwamba kupalilia kwa macho, ambako kunatosha kwa ndago na magugu ya majani mapana, hakutoshi hapa, kwa sababu unapopita mara ya kwanza mche wa mpunga mwitu unafanana na wako, nawe unauhurumia. Ushindi wa vita hii hupatikana au hukosekana kabla mbegu haijaingia ardhini, na kalenda yetu ya visiwani inatupa nafasi nzuri ambayo wengi tunaiacha ipite.

Mara tu baada ya kuvuna, wakati wa kipupwe, bonde likiwa limekauka, lima. Usingoje mvua. Kusudi la kulima wakati huo ni kuyatoa juu yale mashina ya chini na kuyaacha yachomwe na jua. Yasiyokauka yakusanye kwa reki au kwa mkono, yatoe nje ya konde na uyachome. Usiyatupe kwenye tuta, kwa sababu yataota hapo na kurudi. Ikija vuli, mvua yake itaziamsha mbegu zilizolala. Ziache ziote. Konde litageuka kijani na watu watasema kuwa umelitelekeza, nawe wavumilie. Miche ikifika urefu wa kidole, lima tena juu juu, usichimbe kwa kina, ili usizilete juu mbegu nyingine zilizofukiwa. Ukipata nafasi, rudia mara ya pili kabla ya kupanda kwa ajili ya masika. Kila mche uliouawa wakati huo ni mche ambao hutaupalilia ukiwa umeinama kati ya mpunga wako.

Kisha panda kwa mistari. Ukimwaga mbegu ovyo, kila kilichoota kina haki sawa mbele ya macho yako. Ukipanda kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 20, chochote kilichoota kati ya mstari na mstari ni gugu, na hata mtoto wa miaka kumi anaweza kukuondolea. Wenye maji ya kumwagilia, kama wakulima wa Bumbwisudi na Kibokwa, wana nafasi bora zaidi: wakiotesha miche kitaluni na kuipandikiza kwenye tope lililosawazishwa na kufunikwa na maji, mpunga wao utakuwa umeshatangulia, na mbegu nyingi za mpunga mwitu huchipua kwa shida chini ya maji. Lakini maji hayayaui mashina ya chini. Aina ya kudumu huishi kinamasini na maji si adui yake, kwa hiyo kazi ya kipupwe haisameheki hata kwa mwenye mfereji.

Lililobaki ni mbegu. Wazee wetu walivuna kwa kisu kidogo, shuke baada ya shuke, na desturi hiyo, ingawa inachosha, ilikuwa na faida ambayo mundu umetupokonya: kila shuke lilipita mbele ya macho kabla ya kukatwa. Sikuambii uvune konde zima hivyo. Chagua pembe moja iliyo safi, ing'oe mimea yote ya ajabu inapoanza kutoa shuke, kisha vuna mbegu yako hapo kwa kisu, uipure peke yake na uihifadhi peke yake. Siku ya kuandaa, koboa viganja viwili au vitatu kwenye kinu uangalie: ukiona punje nyekundu kati ya nyeupe, usiipande.

Na kama unakodi trekta, mwombe dereva aliangushe tope lililonasa kwenye majembe yake kabla hajaingia kwako. Mashine hiyo imetoka konde la mwingine, na ndani ya lile tope huja vipande vya mashina vyenye macho. Nimeona konde lililokuwa safi likiingiwa kwa mstari mmoja ulionyooka, upana wa majembe, kuanzia pale trekta lilipoingilia.

Swali kutoka Kinyasini, Pemba

Ndugu mtaalamu, nilinunua dukani dawa ya kuua magugu ya mpunga, nikaambiwa niipulize wiki tatu baada ya kuota. Ndago na majani mapana yalikauka vizuri kabisa, lakini mpunga mwitu na majani mengine ya jamii ya nyasi yamebaki kijani kama yaliyonyunyiziwa maji. Je, niliuziwa dawa ya bandia?

Jibu

Kwa maelezo uliyoyatoa, ndugu yangu, dawa yako inaelekea kuwa halali na imefanya kazi yake. Tazama lebo: ikiwa imeandikwa 2,4-D, basi hiyo huua mimea ya majani mapana pamoja na ndago changa, na huziacha nyasi. Mpunga ni nyasi. Ingekuwa inaua nyasi, ungeamka ukute konde tupu.

Iko dawa nyingine inayouza sana mahali pengi palimwapo mpunga, propanili, ambayo huua nyasi nyingi na kuuacha mpunga. Sababu ni kwamba mpunga una kimeng'enya ndani ya majani yake kinachoivunja sumu hiyo kabla haijamdhuru. Wewe utaniuliza, basi si hiyo ndiyo dawa yetu? Kwa magugu mengine ya nyasi, ndiyo. Kwa mpunga mwitu, hapana, kwa kuwa ni wa ukoo ule ule na una kinga ile ile. Dawa inayoweza kumtambua jamaa kati ya jamaa, ikamuua mmoja na kumwacha mwingine, si jambo jepesi.

Marekani walijaribu njia ya kuzunguka tatizo hilo. Mwaka 2002 wakulima wa huko walianza kupanda mpunga unaoitwa Clearfield, ambao umezalishwa ili uhimili dawa fulani, hivyo dawa hiyo ikipulizwa kila kisichoihimili kikafa, ukiwamo mpunga mwekundu unaowasumbua kama huu unavyotusumbua sisi. Misimu ya kwanza ilifurahisha. Kisha chavua ikafanya kazi yake, ule mpunga mwekundu ukachanganyika na Clearfield na kuirithi kinga, na baadhi ya makonde yakarudi yalipokuwa, safari hii na gugu lisilosikia dawa. Nayataja haya kwa sababu mara kwa mara naulizwa kwa nini mbegu ya namna hiyo isiletwe. Mahali penye mpunga mwitu mwingi kama mabondeni kwetu, na penye wakulima wengi wanaoweka mbegu zao wenyewe, hatari hiyo ni kubwa kuliko faida.

Dawa iitwayo glaifoseti huua kila jani la kijani inaloligusa, kwa hiyo matumizi yake ni kabla ya kupanda tu. Ukiitumia kwa aina ya kudumu, ngoja majani yawe mengi na mabichi, kwa sababu ni majani ndiyo yanayoipeleka dawa chini mpaka kwenye mashina. Ukipuliza juu ya mabua makavu umemwaga fedha zako. Vaa viatu vya kufunika mguu, glavu na kitambaa mdomoni, na usisafishe bomba lako kwenye mfereji au kisima ambacho watu huchota maji. Na kopo tupu usilitie maji ya kunywa, hata ulioshe mara saba.

Swali kutoka Mkoani, Pemba

Mimi ni kijana ninayeanza kulima. Kondeni mwangu liko jani lisilo na ndevu wala punje kubwa, lakini likiwa dogo silijui na mpunga. Babu ananicheka. Nifundisheni kulitambua.

Jibu

Babu anacheka kwa sababu ameshang'oa maelfu. Jani unaloliuliza, kwa maelezo ya shuke ulilolichora, ni la jamii ya *Echinochloa*, na mabondeni kwetu mara nyingi huwa *Echinochloa colona*, ambalo majani yake wakati mwingine yana mistari ya zambarau iliyokata upana wa jani. Mistari hiyo ukiiona umemaliza kazi; usipoiona, fanya hivi. Lishike jani pale linapoachana na shina, ulivute nyuma, utazame ndani. Mpunga utakuonesha ule ulimi niliomweleza mama wa Cheju, na pembeni yake visikio viwili vyenye nywele. *Echinochloa* haina ulimi wala visikio. Pale mahali ni laini, patupu. Hakuna dalili nyingine ya mche mdogo iliyo ya uhakika kama hiyo, na ukishaifanya kwenye miche hamsini, mkono wako utaanza kuijua kabla ya macho.

Kufanana huko si bahati. Huko Asia, ambako watu wamepalilia mpunga kwa mikono kwa maelfu ya miaka, kila gugu lililosimama tofauti na mpunga liling'olewa, na kila lililosimama wima, kwa rangi ile ile na upana ule ule wa jani, liliachwa likazaa. Mpaliliaji, bila kukusudia, amekuwa akilifundisha gugu kujificha, na iko aina ya *Echinochloa* inayoishi ndani ya makonde ya mpunga peke yake kwa sababu hiyo. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, ndiye aliyelieleza jambo hili mapema katika karne iliyopita. Alionesha hata kwamba nafaka iitwayo rai ilianza kama gugu ndani ya ngano, ikafanana nayo hatua kwa hatua, mpaka mahali palipokuwa na baridi mno kwa ngano watu wakaivuna yenyewe na kuila.

Ling'oe kabla halijatoa shuke. Mmea mmoja huweza kuzaa mbegu kwa maelfu, nazo ni ndogo kiasi cha kupita kwenye ungo bila kuonekana.

Swali kutoka Wete, Pemba

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Wanafunzi wangu wameuliza: magugu yanayotajwa katika Injili ya Mathayo, yale ambayo adui aliyapanda usiku katikati ya ngano, ni huu mpunga mwitu wetu?

Jibu

Sio, mwalimu, ingawa swali ni zuri na linahusu. Jani lile linaaminika kuwa *Lolium temulentum*, ambalo Waarabu wa Sham huliita zawani. Ni nyasi ya nchi za ngano, na likiwa dogo halitofautiki na ngano mpaka litoe shuke. Ndiyo maana katika kisa hicho bwana wa shamba anawakataza watumwa wake wasiling'oe, wasije wakang'oa na ngano. Neno *temulentum* kwa Kilatini lina maana ya mlevi, kwa sababu unga uliochanganyika na punje zake humtia mlaji kizunguzungu, na sumu hiyo inahusishwa na kuvu anayeishi ndani ya mmea.

Waoneshe wanafunzi wako tofauti hii moja, kwa sababu ina maana kwa mkulima. Zawani haipukutiki. Punje zake hubaki kwenye shuke, huvunwa na ngano, hupurwa na ngano na kupandwa na ngano. Limeishi kwa kubebwa na mkono wa mkulima mwenyewe. Kwa hiyo mbegu ilipoanza kuchekechwa na kusafishwa vizuri kwa mashine huko Ulaya, jani hilo karibu likatoweka katika mashamba ya ngano. Mpunga mwitu wetu umechagua njia iliyo kinyume, wa kudondoka na kulala ardhini, nao hauwezi kumalizwa kwa ungo peke yake.

Swali kutoka Donge, Unguja

Shikamoo. Mimi ni kijukuu cha bibi mmoja aliyekuwa akisema kwamba mwaka wa njaa walikwenda bwawani kukusanya mpunga mwitu wakala. Je, unalika? Na kama unalika, kwa nini tuufanye adui?

Jibu

Marahaba. Bibi yako alisema kweli. Mpunga mwitu hauna sumu, na mchele wake, ulio mwekundu kwa ngozi, unapikika na kushibisha. Afrika Magharibi, pembeni ya jangwa, watu wameukusanya tangu zamani kwa kupitisha kikapu juu ya mashuke yaliyoiva, ili punje zianguke ndani. Kilichoko ni kwamba haukusanyiki kwa wingi, kwa sababu haziivi zote kwa siku moja, na ukiuchanganya kinuni na mpunga wa kawaida unakuachia chuya na chenga nyingi. Mtu anayeweza kupata mchele wa mapembe dukani hawezi kurudi huko kwa hiari.

Lakini swali lako la pili limenigusa, kwa kuwa mmea huu umewafaa wakulima kwa njia ambayo hawakuijua. Uko ugonjwa wa bakteria unaokausha majani ya mpunga kuanzia kwenye kingo, na katika Asia umeangamiza makonde mengi. Watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mpunga iliyoko Ufilipino waliipata kinga dhidi ya ugonjwa huo ndani ya *Oryza longistaminata* uliotoka Mali, wakaihamishia kwenye mpunga wa kupandwa, na mwaka 1995 jeni yenyewe, iitwayo Xa21, ikatambuliwa na kutengwa. Kwa maneno mengine, mama wa Cheju analichoma lile lile lililowasaidia wengine kuvuna.

Na Wachina wamekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la Yunnan waliuchanganya mpunga wa Thailand na *Oryza longistaminata* wa Nigeria, kwa kusudi la kuyapata yale mashina ya chini yasiyokufa. Baada ya miaka mingi ya kuchagua walipata mpunga wa kudumu uitwao PR23, ulioruhusiwa kwa wakulima mwaka 2018, ambao hupandwa mara moja tu. Katika majaribio yao ulivunwa mara 8 katika miaka 4, kwa wastani wa tani 6.8 kwa hekta kila mavuno, bila kulima wala kupandikiza upya katikati. Nafikiri kila mwanamke aliyewahi kupandikiza miche tangu alfajiri mpaka adhuhuri anaelewa maana ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo usiuache kondeni, lakini usiwasaidie watu kuufuta duniani pia. Ukiwa na bwawa la asili lisilolimwa, lililo mbali na makonde kiasi kwamba maua yake hayatafikiwa na ya mpunga wa jirani, na mifugo haiingii na kutoka na mbegu kwenye kwato na matumbo, acha ulioko huko uendelee. Na kama bibi yako yu hai, muulize ni bwawa gani walilokuwa wakienda, na mpunga ule ulikuwa na ndevu za urefu gani. Ukituandikia majibu yake tutayachapisha hapa.